Chumba cha mashine, nyuma ya balkoni

Mjomba wangu ana kovu kwenye kiganja cha mkono wa kulia, dogo tu kama punje ya hindi, na tulipokuwa watoto tulikuwa tunagombania kuligusa. Alilipata kwa njiti ya kaboni, ile inayowaka ndani ya mashine kutoa mwanga wa picha, kwenye chumba cha mashine cha sinema moja pale Tanga mjini, usiku ambao jumba limejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, akashika njiti ambayo ilikuwa haijapoa manake rili, yaani gurudumu la filamu, ilikuwa inakaribia kuisha na hakuna muda wa kutafuta kitambaa. Anasema hakupiga kelele. Ukipiga kelele kule juu watu wa balkoni wanakusikia, wanageuka, na ukishawageuza umewaharibia picha waliyoilipia.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa Tanga wiki nzima, mama alikuwa haumwi sana lakini hayuko sawa (saa hizi yuko vizuri, alhamdulillahi), na siku ya tatu nikasema leo naenda kuliona lile jumba. Kupita nje nimepita mara mia. Nilitaka kuingia ndani. Mara ya mwisho kuingia nilikuwa na miaka tisa, nimeshikwa mkono na mama, mkono mwingine una karanga kwenye kikaratasi kilichosokotwa, na picha yenyewe sikuimaliza, nililala.

Watu wa Tanga wa umri wangu kwenda juu hawahitaji kuelezwa. Kulikuwa na Majestic, kulikuwa na Novelty, kulikuwa na Regal, na kila mtu alikuwa na ya kwake, kama ilivyo kwenye mpira kwa watu wa Coastal na watu wa African Sports, huwezi kumhamisha. La mjomba sitalitaja humu kwa jina, manake mlinzi aliyenifungulia mlango alinifungulia kwa hisani yake tu na sitaki apate matatizo na tajiri wake. Wenyeji mtalijua kwa maelezo, na mkishalijua nawaomba mkae nalo moyoni.

Mjomba aliingia pale mwaka 1966 akiwa kijana hajaota ndevu. Kazi ya kwanza ilikuwa kufagia maganda ya karanga kila baada ya onyesho, na anasema maganda ya karanga ya jumba zima yakikusanywa yanajaza gunia, hatanii. Kazi ya pili ilikuwa kwenda kupokea makopo ya picha yakifika kwa gari kutoka Dar au Mombasa, makopo ya bati ya duara, mazito, na kuyabeba kwenye baiskeli mpaka sinema bila kuyaangusha. Ya tatu ndio ilimpeleka juu, kuviringisha rili. Manake filamu ikishapita kwenye mashine inakuwa imejiviringisha kinyume, mwisho wake uko nje na mwanzo uko ndani, ikibaki hivo onyesho la saa tatu usiku litaanzia kwenye mazishi ya adui. Basi kuna mtu kazi yake ni kukaa kwenye meza yenye mikono miwili ya kuzungusha na kuirudisha yote, taratibu, huku vidole viwili vinapapasa ukingo wa filamu kutafuta palipochanika. Alikaa kwenye hiyo meza miaka mitatu kabla hajaruhusiwa kugusa mashine.

Nikisema historia ya sinema Tanga watu wanadhani naanzia kwa matajiri wa Kihindi waliojenga majumba, na ni kweli wao ndio waliojenga, na ninawapa heshima yao. Ng'ambo ya bahari Zanzibar jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, baadaye likaitwa Majestic, likaungua miaka ya 50, likajengwa upya mwaka 1955, na mji mkubwa wowote wa pwani ya kwetu usingekubali kupitwa. Dar walikuwa na Empire, na Avalon. Moshi walikuwa na Plaza, Arusha Metropole. Lakini mkoa wetu una kisa kingine ambacho ajabu hakisimuliwi, kisa cha Vugiri.

Vugiri iko juu ya milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliweka pale kituo cha kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, yaani studio, mlimani, mkoa wa Tanga, miaka ambayo sehemu nyingi za nchi hata taa ya umeme hazijaiona. Aliyesimamia utengenezaji ni mzungu anaitwa Notcutt na upande wa elimu alikuwepo mwingine anaitwa Latham, fedha nyingi zilitoka Marekani, shirika la Carnegie. Walitengeneza filamu 35. Halafu wakazipakia kwenye lori pamoja na mashine na jenereta wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) mpaka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), jioni wanatundika kitambaa cheupe kiwanjani na kijiji kizima kinakuja. Filamu zenyewe zilikuwa za mafunzo: minyoo ya safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, faida ya kuweka akiba posta.

Mimi nimefikiria sana hii habari ya Vugiri na naiona hivi. Zile filamu mtu mwingine alikuchagulia uone nini, bure, kwa faida yako, na wewe kaa chini utulie. Pale mjini kwenye majumba ya kulipa mtu alichagua mwenyewe. Alitoa pesa yake mfukoni, pesa ya jasho, akasema leo nataka kumwona stelingi analia chini ya mvua kwa sababu mama yake hakumtambua. Hakuna mkubwa wa wilaya aliyemwambia akatazame hiyo. Ndio maana sikubaliani kabisa na watu wanaosema sinema ilikuwa anasa au upotevu wa muda, kwa mkata mkonge aliyekuwa anaamriwa tangu saa kumi na moja alfajiri, yale masaa matatu yalikuwa ndio masaa aliyoyachagua.

Na bila mkonge hayo majumba yasingekuwepo, hili lazima lisemwe. Mdachi anaitwa Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, iliyofika hai na kushika ni 62 tu, na kutoka hiyo 62 ndio likaja pori lote la mkonge unaloliona ukitoka Segera mpaka unaingia mjini. Kufika mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na sehemu kubwa ni ya huku kwetu. Manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba, walikuja kutoka Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji, wengine walikaa wakazeeka wakazikwa hapa. Mwisho wa mwezi malori ya mashamba yanawaleta mjini. Mjomba anasema ulikuwa unaijua siku ya mshahara kwa harufu, jumba lote linanuka maji ya mkonge, ile harufu chungu ambayo hata uoge mara tatu haitoki kwenye nguo, na wao ndio walikuwa wanakaa viti vya mbele kabisa, bei ndogo, shingo juu, karibu na kioo cha kuonyeshea picha mpaka sura ya stelingi inakuwa kubwa kama nyumba.

Nyuma ya manamba wanakaa watu wa Ngamiani, barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na ngapi huko, mafundi cherehani, makuli wa bandari, walimu. Balkoni wenye nazo, Wahindi na familia zao, Waarabu wenye maduka, na siku za karibuni za uhuru maofisa weusi wenye suti. Sisemi walikuwa kitu kimoja, viti vilikuwa na bei na bei ilikuwa inatenganisha. Lakini taa zikizimwa wote wanacheka sehemu ile ile. Mjomba alikuwa anawasikia kutoka kule juu, anasema kicheko kinaanzia mbele kwa manamba kinapanda kama wimbi mpaka balkoni, halafu kilio kinaanzia balkoni kinashuka.

Jumapili jioni ndio ilikuwa siku yenyewe. Mama ananiambia mchana unapika mapema, unavaa gauni la Idi hata kama Idi imepita miezi minne, buibui juu, na mnatoka mtaa mzima mnatembea kwa miguu. Nje ya sinema kuna mihogo ya kukaanga na pilipili, kachori, bajia, juisi ya miwa, mishikaki, na walanguzi wa tiketi ambao wamezinunua tangu asubuhi na sasa wanakuuzia mara mbili ya bei, unalaani unalipa. Picha ni ya Kihindi, hakuna maandishi chini, hakuna tafsiri, na hakuna anayejali, manake kila mstari kuna mtu ameshaiona mara nne na anawaeleza wenzake kwa sauti, "huyu sasa ndio kaka yake lakini hajui," na kwenye nyimbo jumba zima linaimba maneno ambayo hakuna mmoja anayejua maana yake. Mama mpaka leo akiwa anasuka mkeka anaimba Kihindi, mwanzo mpaka mwisho hakosei. Nikimuuliza anaimba nini anasema "mapenzi, we huoni?"

Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, mchana. Mama aliyapenda kuliko yote manake buibui inafunguliwa, watoto wanatambaa chini ya viti, mnalia kwa raha zenu. Mwanaume pekee kwenye jumba zima ni aliye chumba cha mashine, na huyo alikuwa kaka yake, na mama anasema mara moja rili ilikatika katikati ya kilio na wanawake mia kadhaa waligeuka kwa pamoja kutazama kile kidirisha kidogo cha juu, na mjomba anasema kwenye maisha yake yote hajawahi kuogopa hivo.

Kile kidirisha ndicho nilichokwenda kukiona.

Nilishuka bajaji karibu na mnara wa saa, nikatembea. Nilikuwa nimeshatafuta njia ya kuingia kwa njia za kawaida, nikapigia simu watu wawili watatu, kila mmoja ananielekeza kwa mwingine, nikaacha. Nikaenda tu nikakaa kwenye kibao nje na mlinzi, mzee wa makamo, nikamwamkia, tukanywa kahawa na kashata, nikamwambia mjomba wangu alifanya kazi humu ndani miaka ishirini na tano, opareta. Akanitazama kwa muda. Akauliza, "Yule mwenye baiskeli ya kijani?" Ndiye. Akanyanyuka akachukua funguo.

Uso wa jumba kwa nje bado umesimama vizuri kwa kweli, ile mistari iliyonyooka kwenda juu, kona za mviringo, na kibaraza cha zege kilichotokeza barabarani ambacho watu walikuwa wanajikinga mvua wakingoja tiketi. Kidirisha cha tiketi kimezibwa kwa tofali. Kwenye fremu za mabango kumebandikwa matangazo ya mganga na ya kampuni za simu. Ndani kumegeuka ghala, magunia yamepangwa mpaka usawa wa balkoni, viti vya chini vimeng'olewa vyote na sakafu imebaki na mashimo ya bolti kwa mistari, mstari hadi mstari, ukitembea unahisi bado inateremka kuelekea kwenye kioo, mwili unakumbuka. Kioo hakipo. Kuna ukuta mweupe uliochafuka na mpaka mweusi kuuzunguka. Kuna popo. Viti vya balkoni vichache vimebaki, vya mbao, na kimoja nilichokaa kilikuwa bado kinajikunja chenyewe ukisimama.

Nyuma ya balkoni kuna mlango wa chuma, mzito, na hapa nieleze kidogo manake wengi hamjawahi kufika huko hata enzi zile. Chumba cha mashine kilijengwa kama jiko la mkate, kuta nene, mlango wa chuma, na vidirisha vidogo vyenye vifuniko vya bati vya kudondoka, kwa sababu filamu za zamani kabla ya miaka ya 50 zilikuwa zinawaka kama petroli, na moto ukianza chumba kifungwe kiungue peke yake watu wapone. Opareta ndiye yuko ndani ya hicho chumba. Mjomba ameanza kazi filamu za hivo zilishapita lakini sheria za chumba zilibaki vilevile, hakuna sigara.

Mashine zilikuwa mbili, pembeni kwa pembeni. Filamu ya Kihindi ya masaa matatu ina kama rili nane au tisa za futi 2,000, kila moja inakwenda dakika ishirini na kitu, kwahiyo moja ikiwa inaonyesha nyingine inaandaliwa. Mwanga hautoki kwenye globu, unatoka kwenye njiti mbili za kaboni zinazokaribiana bila kugusana, umeme unaruka katikati, unawaka mweupe kuliko jua la saa sita, huwezi kuutazama bila kioo cheusi. Na njiti zinaungua zinafupika, lazima uzisogeze muda wote, ukisahau picha inaanza kuwa ya njano halafu inakufa. Moshi unapanda kwenye bomba mpaka juu ya paa. Joto la chumba hicho Tanga mwezi wa pili, mjomba alikuwa anafanya kazi na singlendi tu na ndoo ya maji.

Halafu kuna kubadilisha, na kubadilisha ndio ufundi wenyewe. Rili ikikaribia kuisha kuna doti ndogo inatokea kona ya juu kulia ya picha, sekunde kama nane kabla. Umewahi kuiona, ulidhani ni uchafu. Hiyo ni ya opareta. Akiiona anawasha mota ya mashine ya pili. Inakuja doti nyingine, karibu sekunde moja ya mwisho, hapo anafunga hii anafungua ile kwa pamoja, na nyinyi mliokaa chini hamjui kama kuna kitu kimetokea, stelingi ameanza kugeuza kichwa kwenye mashine ya kwanza amemaliza kukigeuza kwenye ya pili. Mara saba au nane kwa kila onyesho, maonyesho mawili au matatu kwa siku, siku saba za wiki. Mjomba hakuwahi kuona mwisho wa picha kama sisi tunavyouona. Yeye alikuwa anatazama kona.

Mwisho wa haya yote haukuja siku moja na kwa kweli sipendi kukaa sana hapa. Bei ya mkonge ilianguka baada ya 1964 kamba za plastiki zilipojaa duniani, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, malori ya mwisho wa mwezi yakapungua. Mwaka 1968 ikaundwa Tanzania Film Company na baadaye uingizaji wa picha ukawa mikononi mwake. Mwaka 1971 ikaja sheria ya majengo, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na Serikali, Wahindi wengi wakaondoka na pamoja nao watu waliojua kuagiza picha na vipuri. Nia ya mambo hayo naielewa, na sijasahau nani alikuwa anamiliki nini kabla, lakini majumba ya sinema yaliumia na hakuna wa kuyasemea. Vita vya Kagera vikaja 1978 mpaka 1979, fedha za kigeni hakuna, njiti za kaboni hakuna, picha ni zile zile zinazunguka nchi nzima mpaka zimechanikachanika. Zikaja video miaka ya 80, mtu anaweka deki sebuleni anatoza shilingi kadhaa mtaa mzima unaangalia kwake. Mwaka 1994 televisheni ikaanza bara. Mjomba alikuwa ameshaondoka, ameanza kuuza vipuri vya baiskeli.

Turudi juu. Mlinzi alibaki mlangoni, anasema vumbi linamsumbua kifua. Mashine moja imeondoka, zimebaki bolti nne kwenye sakafu. Nyingine ipo, mwili wake tu, lenzi imetolewa, kichwa kimetolewa, limebaki umbo kama la cherehani kubwa iliyofunikwa kutu. Meza ya kuviringishia rili ipo, mkono mmoja unazunguka bado. Nilisogea kwenye kidirisha nikaweka jicho na nikaona kile alichokuwa anakiona yeye, migongo ya viti vya balkoni na chini kabisa mbali ule ukuta mweupe.

Halafu nikawasha tochi ya simu, na pembeni ya kidirisha, usawa wa macho, ukutani, kuna maandishi ya penseli. Mengi. Yamepandana, mengine yamefutwa kwa mkono, mengine chokaa imebanduka nayo. Nilidhani ni hesabu za deni, nikasogeza tochi.

R2 MTOTO ANAANGUSHA CHUNGU – WASHA
R3 MAMA ANAFUNGA MLANGO – WASHA
R4 TRENI YA PILI, SIO YA KWANZA
R5 ADUI ANAVUA KOFIA – WASHA

Nilisimama pale nikiwa sijui nasoma nini, kwa dakika nzima hivi, ndipo nikaelewa. R ni rili. Picha ziliposhazunguka sana mwisho wa kila rili ulikuwa unachanika, wanakata kipande wanaunga, na kile kipande kilichokatwa ndicho chenye doti. Doti hakuna. Basi maopareta walikuwa wanatazama picha mara ya kwanza, wanatafuta kitu kitakachowaambia saa imefika, wanakiandika ukutani kwa ajili ya usiku unaofuata na kwa ajili ya mwenzao wa zamu nyingine. Miandiko ni mitatu tofauti. Mmoja una ile R yenye mguu mrefu ambayo naijua kwenye kila barua mama aliyowahi kupokea nikiwa mdogo.

Nilipiga picha ukuta wote, vipande vipande, kama sabini. Nawaomba wenye haya majumba, Tanga na kwingine, kama mnataka kupaka rangi pakeni kila mahali lakini chumba cha mashine mpigieni picha kwanza, na hiyo mashine iliyobaki badala ya kuuzwa chuma chakavu mpelekeni mtu aulize pale Boma la zamani kwenye makumbusho ya Urithi, ni mwendo wa miguu. Na kama una mzee nyumbani aliyewahi kukata tiketi, kuchora mabango au kuendesha mashine, mrekodi kwa simu wiki hii, usingoje Idi.

Nilipotoka nilimpigia nikiwa nimekaa Bustani ya Jamhuri, natazama meli bandarini na kisiwa cha Toten kule mbele, mikono yote imejaa vumbi jeusi. Anakaa Ngamiani, ningeweza kwenda, lakini nilishindwa kungoja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako anaendeleaje?"

Nikamwambia mama yuko vizuri, nikamwambia nilikuwa wapi. Akanyamaza. Akauliza kama mlango wa chuma bado unakwama chini. Nikasema unakwama. Akauliza mashine ya kushoto au ya kulia ndiyo iliyobaki, nikasema ya kushoto, akasema "eeh, ile ilikuwa na roho nzuri." Nikamwambia kuna maandishi ukutani, nikaanza kumsomea kwenye simu, R2 mtoto anaangusha chungu, R3 mama anafunga mlango, R4 treni ya pili sio ya kwanza, R5 adui anavua kofia.

Mstari wa R6 ulikuwa umekula unyevu, kwenye picha yangu ilionekana R na sita na doa. Nikamwambia hapa hapasomeki.

"Mvua," akasema. "Mvua inaanza, tone la kwanza kwenye mkono wake. Usingoje la pili."